Njia ya Pango la Koko Nungunungu

Ukiiacha barabara ya Namanga ukapanda kupita Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, utatembea kitambo ndani ya misindano iliyopandwa kwa mistari. Halafu mistari inaisha na msitu wa asili wa Mlima Meru unaanza. Wanyama wa hekaya hii waliishi mpakani hapo, upande wa juu, mahali ambapo asubuhi walisikia majogoo ya Ngaramtoni na usiku waliona taa za Arusha mjini.

Chini ya mringaringa mkongwe kulikuwa na pango, na pangoni aliishi Koko Nungunungu, mkunga. Aliyeingia alikuta majani yametandikwa upya, kibuyu cha maji kimefunikwa, na mizizi imetengwa mafungu matatu: ya wajawazito, ya waliojifungua na damu haikatiki, na ya wale waliotaka kupumzika mwaka mmoja au miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Koko alikuwa na maswali matatu tu. Umekula? Unaumwa wapi? Utarudi nyumbani na nani? Jina hakuuliza. Mkikutana kesho yake mtoni, alikusalimia kama alivyowasalimia wengine wote, akaendelea kuchota maji yake.

Sheria ya msitu kuhusu pango hilo ilikuwa fupi, nayo ilichorwa kwenye gome la mwerezi: Pango liko wazi kwa kila jike. Kila Laigwanani, yaani kiongozi wa msitu, aliyesimikwa aliiapia. Ilisema habari za pango. Habari za njia haikuzisema.

Njia ilikuwa moja. Ilitoka mahali pa kulamba chumvi, ikapita mbele ya shule ya Mwalimu Kima, ikabanwa kati ya mawe mawili makubwa, ndipo ikafunguka kwenye uwanja wa mringaringa. Mawe hayo mawili yalikuwa na nafasi ya kupita mnyama mmoja kwa wakati mmoja, naye alipaswa kupunguza mwendo.

Mwaka ambao mashamba yalipanda juu zaidi na malisho yakapungua, Laigwanani Nyati aliitisha mkutano. Alisimama juu ya kichuguu akalitazama kundi lake, akaliona dogo.

"Msitu ni mkubwa na majani yapo," akasema. "Zaeni. Jike anayehesabu watoto ni mvivu wa kuwalisha."

Hakulitaja pango, wala hakuwa na haja ya kulitaja. Kesho yake, kabla jua halijachomoza, ukoo wa Nyani ulikuwa umeshakaa juu ya mawe mawili.

Hawakumgusa mtu. Hilo nataka lieleweke vizuri, maana ndilo walilojitetea nalo mpaka mwisho. Walikaa tu. Jike akipita walimtaja jina, wakamtaja mama yake, wakautaja ukoo alioolewa. Akiwa mdogo walimuuliza kwa sauti, "Wewe si wa darasa la Mwalimu Kima?" Akiwa mtu mzima walisema, "Hata wewe, yeyo, na umri huo?" Nyani kijana mmoja alipewa kazi ya kukwaruza alama kwenye kipande cha gome kila alipopita mtu, na jioni kipande hicho kilipelekwa shuleni. Mwalimu Kima alikilinganisha na daftari lake la mahudhurio. Asubuhi yake aliwapanga wasichana mstari mmoja, akawabonyeza matumbo mbele ya wenzao, na yule aliyemtilia shaka alimtoa nje ya lango.

Mwezi haukuisha pango likakosa watu. Koko Nungunungu alishuka mwenyewe kwa Laigwanani.

"Mzee, shikamoo. Pango halina mgonjwa hata mmoja."

"Marahaba, Koko. Limefungwa?"

"Halijafungwa."

"Sheria inasemaje?"

"Inasema liko wazi."

"Basi sheria inafuatwa. Rudi ukapumzike."

Hapa naikatiza hekaya, kwa sababu msomaji wa Tanzania ameshaitambua sauti ya Nyati. Septemba 2018, huko Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Siku chache baadaye Wizara ya Afya iliagiza matangazo ya uzazi wa mpango yasimamishwe kwenye vyombo vya habari. Barua hiyo ilihusu matangazo. Sindano, vidonge na vijiti vilibaki kwenye makabati ya zahanati. Lakini mwanamke wa kijijini aliyekuwa akisitasita mlangoni alikuwa amekwisha kusikia neno kutoka juu, na mume wake pia alikuwa amelisikia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 22 Juni 2017, rais huyo huyo alisema Chalinze kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule. Kupimwa mimba kwa lazima kulikuwako mashuleni hata kabla ya hotuba ile, na kanuni za elimu za 2002 zilikuwa tayari zinaruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili. Hotuba iliupa utaratibu huo nguvu ya amri. Fikiria msichana wa kidato cha pili anayejua kwamba kipimo cha mimba ndicho kitakachomwondoa darasani. Ataingiaje kliniki? Muuguzi mwenye koti jeupe na mwalimu mwenye daftari wanakuwa mtu mmoja machoni pake. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wataruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule, na uamuzi ule ulikuwa mwema. Miaka minne na nusu ya katikati haikurudishwa kwa mtu yeyote.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Utafiti huo huo ulileta pia habari njema kubwa kuliko zote nilizosoma juu ya afya ya nchi yetu: vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000, hesabu ya 2015/16, mpaka 104. Nyuma ya tofauti hiyo kuna maelfu ya akina mama walio hai. Wengi wao waliokolewa kwa sababu walifika. Hakuna daktari wala mkunga anayeweza kumtibu aliyegeukia njiani.

Turudi mlimani.

Chini kwenye korongo aliishi Fisi. Tangu siku ya kwanza aliwapelekea Nyani mahindi ya wizi pale kwenye mawe, akisema anawaunga mkono walinzi wa maadili. Usiku alipita nyuma ya shule akinong'ona kwamba yeye hana mawe mlangoni, wala haandiki mtu, na kwamba dawa yake inamaliza kazi usiku mmoja.

Digidigi alikuwa mwanafunzi wa Kima. Mimba yake ilikuwa ya mtu mzima ambaye jina lake Nyani hawakulitaja hata siku moja. Alfajiri moja alipanda mpaka kwenye mawe akitaka kumuuliza Koko tu, amsikie atasemaje. Nyani walimwita jina. Wakamwita la mama yake. Nyani kijana akachukua gome. Digidigi akageuka kana kwamba alikuwa amepotea njia, akashuka kupita chumvi, akapita misindano, akaenda korongoni.

Fisi alimpa magome machungu na kijiti. Siku ya pili Shangazi Kanga alimkuta nyuma ya kichaka amelala kwa ubavu, pua imekauka, nzi wamemjaa miguuni. Kanga hakuuliza kitu. Alimsimamisha, akamwegemeza mabegani, wakapanda. Damu ilidondoka kutoka chumvi mpaka kwenye mawe, na kwenye mawe Nyani walikuwa wamekaa bega kwa bega.

"Huyu ni mtuhumiwa," wakasema. "Asubiri mgambo."

Koko Nungunungu alisikia kelele akashuka na mkoba wake. Aliinama pale pale, upande huu wa mawe, akaanza kazi. Alikuwa ameshatoa nusu ya kilichobaki tumboni, mkono wake wa kushoto umeshika kiuno cha Digidigi, alipofika Ngiri wa mgambo.

"Simameni wote wawili. Nimetumwa."

"Ngoja nimalize, mwanangu. Nikiacha hapa atakufa."

"Nimetumwa," akarudia Ngiri, akauchukua mkoba kuwa kidhibiti.

Digidigi hakufa. Alimaliziwa kutibiwa gizani, ndani ya zizi la mahabusu, na Koko aliyefungwa naye zizi moja. Aliyekufa ni mwingine. Mama Pongo alikuwa na mume, ana watoto watatu, na mimba ya nne ilikuwa imekaa vibaya. Hakuwa na siri yoyote. Ila mara ya mwisho alipopita kwenye mawe Nyani walimzomea naye, kwa maana tumbo ni tumbo na wao hawakuwa na namna ya kujua nani amefuata nini. Uchungu ulipomshika usiku, Mama Pongo aliona haya. Akazungukia nyuma ya mlima, njia ya mbali, ili asionekane. Walimkuta asubuhi katikati ya mwendo. Na hata angefika, pango lilikuwa tupu.

Shangazi Kanga aliamua kuteremka mjini. Alikuwa amesikia kwamba Arusha kuna mahakama inayosikiliza wanyonge wa bara zima. Akapita Ngaramtoni siku ya gulio, akapita Sakina, akauliza huku na huku mpaka akampata Njiwa aishiye juu ya mapaa ya mji.

"Mahakama ipo," Njiwa akamwambia. "Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Makao yake yako hapa tangu 2007. Lakini ili mtu mmoja aingie moja kwa moja, nchi yake lazima iwe imetamka kwamba inakubali. Tanzania ilikuwa imetamka. Novemba 2019 ikatoa taarifa ya kujiondoa kwenye tamko hilo, na mwaka mmoja baadaye, Novemba 2020, mlango ukafungwa kwa mashauri mapya."

Kanga akatazama kwanza upande wa mji, kisha akageuka akautazama mlima.

"Kwa hiyo nyumba ipo na njia hakuna."

"Ndivyo. Lakini sikia. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na wenzao wa nje, waliichukua habari ya wasichana waliofukuzwa shule wakaipitishia kwingine. Mwaka 2019 waliipeleka kwenye Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Mwaka 2022 Kamati ikaamua kwamba kuwapima watoto mimba kwa lazima na kuwafukuza ni kuvunja haki zao. Ikaitaka serikali ikomeshe vipimo hivyo, iwarudishe shule, na iwape huduma za afya ya uzazi zinazowafaa watoto. Na upo Mkataba wa Maputo wa 2003. Ibara ya 14 inawapa wanawake haki ya afya ya uzazi, na Tanzania iliuridhia 2007."

"Mmeiandika kwenye gome?"

"Imeandikwa. Kazi ni kuishusha mpaka kwenye mawe yenu."

Kanga alirudi usiku huo huo. Asubuhi alizunguka msitu mzima akiita baraza chini ya mti wa oreteti, na kwa desturi ya msitu ule, baraza likiitwa chini ya oreteti hata Laigwanani hawezi kukataa kuja.

Walikuja wote. Nyani walikaa matawi ya mbele. Koko Nungunungu na Digidigi waliletwa kutoka zizini. Tumbusi mzee, ambaye kwa kuwa huruka juu huona mambo mapema kuliko wengine na kwa kuwa ni mzee huyasema mwisho, alikaa tawi la juu kabisa. Na ilikuwa ni majira ya vuli, kwa hiyo Mbayuwayu alikuwa ameshafika kutoka safari zake.

Nyani mkuu alisema kwanza. "Sisi hatukumpiga mtu. Tuna midomo, na sheria ya msitu haijamkataza mwenye mdomo kusema. Tunaamini kinachofanyika pangoni ni kibaya. Je, kuamini ni kosa?"

Baraza likanyamaza, kwa kuwa swali lilikuwa la haki na lilistahili jibu. Tumbusi akamwomba Mbayuwayu aseme aliyoyaona kwa wengine.

"Nimepita Kilifi, pwani ya Kenya," akaanza Mbayuwayu. "Mwaka 2019 binti wa miaka 16 alitokwa damu, mimba ikiwa imeharibika. Akaenda kwenye kliniki ndogo, tabibu akamhudumia. Polisi wakaingia akiwa bado anatibiwa, wakawakamata wote wawili, wakachukua na karatasi za matibabu. Tabibu alikaa ndani wiki nzima. Binti alikaa rumande ya watoto zaidi ya mwezi. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilisema kukamatwa kule hakukuwa halali, na kwamba siri ya mgonjwa na tabibu wake haikupaswa kuvunjwa. Waliopinga wakakata rufaa."

Hakuna aliyemtazama Ngiri. Ngiri mwenyewe alikuwa akitazama kwato zake.

"Nimepita Nairobi. Huko niliyakuta ya upande wa pili wa mlango. Wanawake wawili walijifungua hospitali ya Pumwani mwaka 2010, wakakosa fedha, wakazuiwa wasitoke. Mmoja alilala sakafuni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia kulikuwa kuvunja haki zao. Kwa hiyo mkiandika kuhusu njia, andikeni ya kuingia na ya kutoka."

"Na huko mbali?" akauliza Tumbusi.

"Uingereza na Wales, tangu tarehe 31 Oktoba 2024, ni kosa kumshawishi, kumzuia au kumsumbua mtu ndani ya mita 150 kutoka kliniki inayotoa huduma ya kutoa mimba. Nje ya hapo, kila mtu na mdomo wake. Marekani sikufika mwenyewe, nimesikia kwa ndege wa bahari. Machi 1993 daktari mmoja alipigwa risasi akauawa nje ya kliniki huko Pensacola, Florida. Tarehe 26 Mei 1994 Rais Bill Clinton akatia saini sheria ya kulinda milango ya kliniki za uzazi: usizuie kwa mwili wako, usitishe, usivunje. Ilifanya kazi miaka mingi. Januari 2025 rais mwingine, Donald Trump, akawasamehe watu 23 waliotiwa hatiani kwa sheria hiyo, na waendesha mashtaka wakaambiwa waitumie kwa nadra."

"Sheria ilifutwa?"

"Haikufutwa. Bado imeandikwa."

Shangazi Kanga akasimama. Hakuwa na sauti kubwa, lakini baraza zima lilimsikia.

"Laigwanani, ulituambia tuzae. Mama Pongo alikusikia. Alikuwa anazaa. Aliyekutii ndiye aliyekufa njiani, na mtoto wake naye. Ukihesabu kundi lako leo limepungua wawili, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na nia ya kukukaidi."

Nyati alifungua mdomo, akaufunga. Mimi simlaumu kwa kunyamaza. Namlaumu kwa siku zote alizokuwa akisema pango liko wazi, na mawe yale mawili anayaona kutoka kwenye kichuguu chake.

Koko Nungunungu aliombwa aseme. "Mimi sitaki kupendwa na Nyani. Wanaoona kazi yangu mbaya wana ndimi zao. Zipo pia sheria za nchi zinazosema lipi halali na lipi si halali. Nchi hii imekataza kutoa mimba, ila pale maisha ya mama yanapohitaji kuokolewa. Nazijua kuliko wanaonipigia kelele. Lakini hakuna sheria, ya msitu wala ya mjini, iliyosema mwenye damu miguuni aachwe adondoke kwanza ndipo aulizwe. Aliyekuja kwa mimba, aliyekuja kuzuia mimba, aliyeharibikiwa, aliyekuja kuuliza tu, wote hupita kati ya mawe yale yale. Ukimzuia mmoja umewazuia wote."

Ndipo Tumbusi alipomjibu Nyani mkuu. "Umeuliza kama kuamini ni kosa. Si kosa. Mlima huu ni mpana. Semeni Sambasha, semeni Oldonyo Sambu, panda kichuguu siku ya mkutano useme mpaka jioni, na anayetaka atakujibu. Lakini mgonjwa hakuja kwenye mkutano wako. Yeye hawezi kukujibu wala kuondoka. Maneno unayomwambia mtu ambaye lazima apite hapo au afe, hayo si mazungumzo."

Wakaandika. Chini ya mstari wa zamani kwenye mwerezi walichora mingine. Kwamba njia ni sehemu ya pango, na kuanzia pango mpaka hatua 150 hakuna atakayekaa kuzuia, kuzomea wala kuchora alama. Kwamba mkunga akiwa kazini hakamatwi wala hachukuliwi mkoba wake; mwenye shauri naye atalileta barazani kesho. Kwamba jina la aliyeingia ni lake mwenyewe, haliulizwi na mgambo, mwalimu, wala mume. Kwamba aliyetibiwa anatoka hata kama hana cha kulipa. Wakaongeza mmoja wa mwisho, kwa ajili ya zile habari za ndege wa bahari: atakayevunja haya hasamehewi na Laigwanani peke yake bila baraza kukaa.

Ulizuka ubishi juu ya hatua. Nyani walitaka zipimwe kwa hatua za Digidigi, wakisema ni jambo la heshima kwake. Kanga akasema hapana, zipimwe na Laigwanani. Nyati akainuka, akaenda mpaka mlango wa pango, akageuka, akatembea mbele ya wote akihesabu kwa sauti. Ilimchukua muda. Hatua ya 150 ilifika mbali kupita mawe mawili, kupita mkondo wa maji, ikaangukia mbele kabisa ya lango la shule. Hapo wakasimika kigingi.

Mtu wa kwanza kujaribu sheria hakuwa Nyani. Alikuwa Mwalimu Kima, siku tatu baadaye, akipanda kwa haraka na gome mkononi.

"Simama," akasema Ngiri, ambaye sasa alikuwa zamu kwenye kigingi.

"Mimi ni mwalimu. Sizomei mtu. Nafuata utaratibu wa shule. Wasichana watatu hawapo darasani na nataka kujua kama wako pangoni."

"Mwalimu, haipo ruhusa."

"Wewe ndiye uliyemkamata Digidigi! Leo unanifundisha sheria?"

Ngiri alimeza mate. "Ndiyo," akasema. "Mimi ndiye."

Wakaitana. Kanga akaja, Tumbusi akashuka, Koko akatoka mlangoni akisugua mikono. Gome la Kima likalazwa chini. Lilikuwa na alama za muhula mzima, na pembeni ya kila alama kulikuwa na jina na ukoo, na pembeni ya majina kumi na moja kulikuwa na mkwaruzo wa msalaba.

"Msalaba ni nini?" akauliza Kanga.

"Waliotolewa."

"Wako wapi sasa?"

Kima hakujua. Alikuwa na daftari la siku walizokosa shule tangu wakiwa darasa la kwanza, lakini walikokwenda baada ya kutolewa langoni hakuandika popote.

Baraza dogo lilikaa pale pale. Kima akaamriwa azunguke nyumba kumi na moja kwa miguu yake, asiende na daftari, awaambie wazazi kwamba nafasi ya binti yao ipo na hakuna atakayebonyezwa tumbo. Alipinga, akataka kwenda kwa Laigwanani kuombewa. Wakamsomea mstari wa mwisho.

"Na Fisi?" akauliza Digidigi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya watu tangu siku ile. "Mawe yamefunguliwa, lakini bado anapita nyuma ya shule usiku. Kwa mahindi aliyowapa Nyani alikuwa ananunua nini?"

Walitazamana. Nyani mkuu, aliyekuwa amekaa mbali kupita kigingi kama sheria ilivyomtaka, alishusha macho, kisha akasema polepole kwamba naye angependa kuijua hesabu hiyo, maana sasa anaiona.

"Twende korongoni leo," akasema Kanga. "Ila mimi sijawahi kufika kwake. Nani anaijua njia?"

Digidigi akatoka mbele. Nyuma yake akatoka mke wa Mbega, mama wa watoto wanne. Akatoka mwanafunzi mwingine, akatoka na bibi mmoja wa ukoo wa Nyani wenyewe, akiteremka kutoka tawini mbele ya wanawe. Ngiri alikwisha kufungua mdomo kuuliza majina, Kanga akamwonyesha mstari wa jina kwenye mwerezi, naye akaufunga, akasogea pembeni ili wapite.